KIPIMO CHA DAMU NA UGONJWA WA KIDOLE TUMBO

Maneno yaliyosomwa na mmoja wa wafanya kazi wa njia ya reli mbele ya wanachama wa Kisii na Nyamira

 

Kamati imetuomba tuseme habari ya ugonjwa mmoja wa tumbo, na ya damu inayotolewa ili kuutafuta. Wengine wenu mtauliza, hawa watu wa reli wamekuwa madaktari tangu lini? Twajibu mapema kwamba sisi si madaktari. Tulisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na kazi yetu ni kutunza njia, kuondoa mataruma mabovu na kuweka mazima. Lakini jambo hili lilimpata mwenzetu, na baada ya kumpata tuliuliza maabara, tukauliza kwa madaktari, tukauliza tena pale ambapo hatukuelewa, na hayo tuliyoambiwa ndiyo tuliyoyaleta hapa.

Ninyi mwajua kwamba reli haikufika kwetu Gusii. Ilifika Kisumu mwaka 1901 ikakomea ziwani, na tangu siku hizo sisi ndio tunaoifuata reli, Kisumu, Nakuru, Nairobi hata Mombasa. Kwa hiyo mtu wetu akiugua, mara nyingi huugua akiwa nyumbani likizoni, mbali na wenzake wa kazi, katika kijiji ambacho gari hupita asubuhi na jioni tu. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwenzetu huyu.

Jina lake tunaliacha. Ni mtu wa upande wa Nyamira. Alikuwa amepewa likizo ya siku kumi, akaenda nyumbani kusaidia kuchuma majani chai na kutengeneza paa la jiko. Siku ya Alhamisi jioni, baada ya kula, alisikia maumivu kidogo karibu na kitovu. Akakataa chai. Mke wake alishangaa, maana bwana huyu hajapata kukataa chai tangu waoane. Usiku akatapika mara moja. Asubuhi mama yake mzazi akasema, "Mwanangu, tumbo limefungwa," akamnywesha chumvi ya haluli ili limsafike. Mchana wa Ijumaa maumivu yakahama kitovuni, yakashuka upande wa kuume, chini karibu na nyonga, yakakaa hapo hapo. Akajikongoja mpaka kliniki moja ndogo ya sokoni. Wakamtoboa kidole, wakachukua damu, na baada ya nusu saa wakamwambia, "Mzee, una malaria, tena una taifodi." Akalipa, akachomwa sindano, akapewa vidonge, akarudi nyumbani moyo wake umetulia. Damu ilikuwa imepimwa, na karatasi ilikuwa na muhuri.

Usiku wa Jumamosi maumivu yakapungua ghafula. Nyumba nzima ikamshukuru Mungu, naye akanywa uji. Ndugu, saa ile ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Tumeelezwa kwamba kidole tumbo kinapopasuka, mkazo uliokuwa ndani yake hulegea, na mgonjwa aweza kupumzika kwa saa chache, kisha usaha huenea tumboni. Jumapili asubuhi tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao, mwili unawaka moto, wala hakuweza kusimama wima. Walimtia katika gari la jirani lililokuwa likipakia ndizi, wakazishusha ndizi barabarani. Alipasuliwa jioni ile ile. Akalala hospitalini siku kumi na sita, kidonda kikatoa usaha, akarudi kazini baada ya wiki tisa. Yu hai, tena yumo humu ndani leo. Lakini ng'ombe wake mmoja aliuzwa, na paa la jiko mpaka sasa linavuja.

Sasa twataka mlitazame jambo moja. Watu wengi waliposikia habari hii walisema, "Kosa lake ni kwamba hakupimwa damu." Alipimwa. Damu ilitoka kidoleni mwake, ikasomwa, ikaandikwa. Lakini iliulizwa kama ina malaria, na kama ina taifodi. Habari ya kidole tumbo haikuulizwa, nayo damu haisemi neno ambalo haikuulizwa.

Hatuwalaumu sana watu wa kliniki ile. Sisi wa milimani twaijua malaria. Katika miaka ya 1990 ilipanda mpaka katika nyanda zetu za juu, ambako watu hawakuizoea, ikaua wengi, wakubwa kwa wadogo. Tangu wakati ule mtu wa Kisii akipata homa, neno la kwanza kinywani mwake ni malaria. Na mtu aweza kuwa na vijidudu vya malaria vichache katika damu yake, hasa akiwa ametoka Kisumu ambako mbu ni wengi, na huku ugonjwa unaomwua ni mwingine kabisa. Hicho kipimo cha taifodi nacho, kinachoitwa Widal, ni cha zamani sana, cha mwaka 1896. Kinatafuta kinga ambayo mwili ulitengeneza ulipokutana na vijidudu vya taifodi au na jamaa zao. Kinga hiyo hukaa mwilini muda mrefu. Ulikuwa na taifodi mwaka juzi, leo umepimwa, karatasi itasema unayo. Kipimo kimoja cha Widal hakithibitishi kitu, na madaktari wamelisema jambo hili kwa miaka mingi, lakini vituo vingi bado vinakipenda, maana mgonjwa hukilipia papo hapo na huondoka na jina la ugonjwa.

Basi kidole tumbo ni nini? Ni kitu chembamba kama kidole cha mtoto au mnyoo, kimeshikamana na mwanzo wa utumbo mpana, upande wa kuume. Kina mlango mmoja tu. Mlango ukizibwa, na mara nyingi ni kipande cha choo kigumu kinachouziba, vijidudu vilivyo ndani huzaana, kidole huvimba, damu haikiingii vizuri, kisha kinaoza na kupasuka. Kwa wengi hatari ya kupasuka huongezeka sana mwenye maumivu akikaa zaidi ya siku moja na nusu au mbili. Jina la ugonjwa huu lilitolewa na daktari wa Boston, Reginald Fitz, mwaka 1886, naye alisisitiza kwamba ukigunduliwa mapema mtu apasuliwe. Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza alikaribia kufa kwa ugonjwa huu. Ilikuwa mwaka 1902, mwaka mmoja baada ya reli kufika Kisumu. Siku mbili kabla ya kutawazwa kwake ilibidi atumbuliwe jipu la kidole tumbo, na wageni waliokuwa wamefika London kutoka kila nchi wakaambiwa wangojee. Alitawazwa mwezi wa Agosti.

Wazee wetu walisema huu ni ugonjwa wa Wazungu, nao hawakusema bure. Daktari Denis Burkitt, aliyepasua watu miaka mingi huko Uganda, aliandika mwaka 1971 kwamba katika vijiji vya Afrika alikuta ugonjwa huu ni haba, naye alifikiri sababu ni chakula, maana watu wa vijijini walikula chakula chenye makapi mengi. Haya, siku hizi nasi twala mkate mweupe na chipsi za stendi, na madaktari wetu wanapasua kidole tumbo kila wiki. Kwa hiyo asije mtu akakwambia kwamba Mwafrika haupati.

Sasa tuingie katika damu yenyewe.

Damu ina chembe nyekundu na chembe nyeupe. Zile nyeupe ni askari. Vijidudu vikiingia mahali, mwili huita askari kutoka katika mifupa, na hesabu yao katika damu hupanda. Katika maabara huchukuliwa damu kidogo kutoka mkononi, ikatiwa katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau ili isigande, kisha mashine huhesabu kwa dakika chache. Mahali pasipo na mashine, fundi wa maabara huchanganya damu na dawa inayoua chembe nyekundu, akaweka tone katika kioo chenye mistari, akahesabu nyeupe kwa darubini. Kipimo hiki huitwa hemogramu. Ukifika hospitali na tumbo la namna ile, uliza kwa heshima, "Daktari, je, nitapimwa hemogramu?" Si aibu kuuliza.

Katika ugonjwa wa kidole tumbo hesabu mara nyingi huwa kati ya 10,000 na 18,000 katika tone dogo la ujazo wanaloliita mikrolita. Ikipita 18,000 madaktari huanza kuogopa kwamba kimepasuka. Tena hutazama ni askari wa namna gani. Kuna aina moja iitwayo nyutrofili, ambao ndio askari wa mbele wa kupigana na vijidudu vya usaha. Wakiwa zaidi ya 75 katika kila chembe nyeupe 100, hiyo ni dalili nyingine. Malaria kwa kawaida haifanyi hivyo. Malaria na taifodi mara nyingi huacha chembe nyeupe katika hesabu ya kawaida, au huzishusha. Hapa ndipo kipimo hiki kinapotusaidia sisi watu wa upande huu. Mtu amepimwa, malaria imeonekana, lakini chembe nyeupe ni 15,000 na tumbo linauma kuume chini. Daktari mwenye akili hatasimama penye malaria.

Kipimo cha pili huitwa CRP. Hii ni protini inayotengenezwa na ini wakati kuna uvimbe au maambukizo mahali fulani mwilini. Iligunduliwa mwaka 1930 huko New York katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Huanza kupanda baada ya saa 6 hadi 12 tangu ugonjwa uanze, ikafika juu kabisa kama siku ya pili. Kwa hiyo ukipimwa mapema mno, sema saa tatu tangu maumivu yaanze, yaweza kuwa chini na ugonjwa upo. Chembe nyeupe na CRP zikiwa zote mbili za kawaida, na saa nyingi zimepita, ugonjwa wa kidole tumbo hupungua uwezekano wake sana. Haufutiki kabisa, lakini daktari anaweza kungoja na kukutazama bila kukimbilia kisu. Kipimo hiki hakipatikani katika kila hospitali ndogo ya kwetu, nacho kina bei yake.

Ndugu, tafadhali sikilizeni hapa, maana hapa ndipo karatasi inapoweza kumdanganya mtu mweusi.

Katika karatasi ya maabara, kando ya hesabu yako, huandikwa hesabu ya mtu mzima wa afya, kwa kawaida 4,000 mpaka 11,000. Hesabu hiyo katika vitabu vingi ilitoka kwa watu wa Ulaya na Marekani. Lakini mwaka 2008 ilichapishwa kazi ya wataalamu waliopima damu ya watu wenye afya wa vijijini Kericho, jirani zetu hawa wa mashamba ya chai, tunaoweza kuona vilima vyao tukiwa Nyansiongo. Walikuta kwamba chembe nyeupe za watu wale ni chache kuliko zile za vitabu vya Marekani. Wala hawakuwa wagonjwa. Watu wengi wa Afrika wamezaliwa hivyo. Chembe zetu nyekundu hazina alama fulani iitwayo Duffy, na kukosa alama hiyo kuliwalinda babu zetu na aina moja ya malaria, na pamoja na hilo nyutrofili zinazozunguka katika damu yetu ni chache.

Maana yake ni nini? Tuseme wewe siku zote ukiwa mzima una chembe 4,000. Leo una 9,000. Zimezidi mara mbili, mwili wako umepiga king'ora, lakini karatasi itaandika "kawaida". Mtu aliyezoea kusoma karatasi peke yake atakupa dawa ya tumbo na kukurudisha nyumbani. Katika njia ya reli tunazo geji za namna mbili, ya zamani na ile mpya pana. Mtu akipima njia ya zamani kwa kipimo cha njia mpya atasema reli zote za Kisumu zimebomoka. Kipimo lazima kitoke katika njia ile ile.

Nasi hatuwezi kubeba vitabu vya Kericho mfukoni. Lakini liko jambo moja rahisi, nalo ni hesabu ya pili. Daktari akiwa na shaka, hukulaza, akakutazama, akapima tena baada ya saa nne au sita. Hesabu ya kwanza 8,000, ya pili 12,500, basi kuna kitu kinapanda. Ya kwanza 11,000, ya pili 7,000, na tumbo limelegea, basi huenda umepona. Kwa kazi hii lazima saa iandikwe. Kila mtu aliyekaa stesheni anajua kitabu cha treni. Treni ikiingia saa huandikwa, ikitoka saa huandikwa, na bila saa kitabu kile hakina faida hata kikijaa. Andikeni saa maumivu yalipoanza. Andikeni saa yalipohama. Saa ya kutapika, saa ya kila dawa mliyomeza, na saa ya kila damu iliyotolewa. Mke aandike kama mume hawezi. Mwenzetu yule alipofika hospitali, daktari alimwuliza, "Yalianza lini?" akajibu, "Siku hizi hizi." Jibu hilo halikumsaidia daktari hata kidogo.

Lakini msiende mkadhani kwamba damu ndiyo hakimu. Mwaka 1986 daktari Alfredo Alvarado, aliyekuwa akifanya kazi Philadelphia huko Marekani, alitunga hesabu ya alama kumi, na mpaka leo inatumika duniani kote, hata katika hospitali zetu. Maumivu yaliyohama kuja kuume, alama 1. Kukosa hamu ya chakula, 1. Kichefuchefu au kutapika, 1. Kuuma pale kuume chini anapobonyeza, alama 2. Kuuma anapoachia mkono ghafula, 1. Homa, 1. Chembe nyeupe kupita 10,000, alama 2. Nyutrofili kuzidi, 1. Ukipata 7 au zaidi, daktari hufikiri kwa nguvu kwamba ni kidole tumbo. 5 au 6, hukulaza akutazame. Chini ya hapo, huenda ni kitu kingine.

Tuhesabu sasa. Katika alama 10 damu imepewa 3. Zile 7 ni maneno ya mgonjwa, mkono wa daktari, na kipimajoto. Yule mwenzetu aliyekataa chai tayari alikuwa na alama moja mezani kwake siku ya Alhamisi, akaongeza ya pili usiku alipotapika, na ya tatu na ya nne na ya tano mchana wa Ijumaa maumivu yalipohamia kuume, na hajalipa hata senti. Laiti mtu mmoja pale kliniki angeweka mkono juu ya tumbo lake. Walimtoboa kidole, hawakumgusa tumbo. Mahali ambapo maabara haiwezi kutenganisha aina za chembe, madaktari huiacha alama ile ya nyutrofili, wakahesabu juu ya 9.

Tena liko jambo la matuta. Mwaka 2012 madaktari wa hospitali ya Stoke Mandeville huko Uingereza waliwauliza wagonjwa wa tumbo waliopita juu ya matuta ya barabarani walipokuwa wakija hospitali. Katika 34 waliothibitishwa kuwa na ugonjwa wa kidole tumbo, 33 walisema gari liliporuka tuta waliumia zaidi. Wengine wasio na ugonjwa huo waliumia pia, kwa hiyo tuta halithibitishi. Lakini yule asiyesikia kitu juu ya tuta ana nafasi nzuri ya kuwa na ugonjwa mwingine. Tulicheka tuliposikia habari hii. Kama ni matuta, basi toka Keroka mpaka Kisii mjini serikali imetujengea maabara ndefu kabisa. Hata hivyo mwambieni daktari kama safari ya pikipiki iliwaumiza. Kwake ni habari yenye thamani.

Mwanachama mwingine wa kwetu, mtu wa upande wa Suneka, binti yake wa miaka kumi na minne aliugua baada ya haya ya kwanza. Baba akiwa Nakuru kazini, aliongea na mama watoto kwa simu. Akamwambia, "Usimpe haluli, usimpe chakula, andika saa, mpeleke penye kisu." Mama akampeleka hospitali kubwa. Chembe nyeupe zilikuwa 7,800, na karatasi ikasema ni za kawaida. Mama akaanza kufunga kanga aondoke. Daktari akamwambia, "Mama, ngojea. Karatasi imesema hivyo, lakini tumbo la mtoto linakataa." Akampima mkojo, akapima kama ana mimba, maana msichana aliyevunja ungo au mwanamke wa umri wa kuzaa akiwa na maumivu chini ya tumbo hupimwa mimba hata kama mama yake amekasirika. Mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba huua upesi kuliko kidole tumbo. Hakuwa na mimba. Wakapiga picha ya altrasaundi, haikuonyesha vizuri. Baada ya saa tano damu ikatolewa tena, 13,200. Akapasuliwa usiku ule. Kidole kilikuwa kimevimba, kizima, hakijapasuka. Siku ya tatu akarudi nyumbani.

Mama wajawazito wajue kwamba mimba yenyewe hupandisha chembe nyeupe, hivyo hesabu ya 13,000 kwao yaweza kuwa si ugonjwa. Wazee, na wenzetu ambao kinga yao imepungua, wanaweza kuwa na kidole kilichooza na hesabu isipande. Watoto wadogo hawawezi kueleza maumivu yalikoanzia, na kwao kupasuka huja mapema. Kwa hao wote mkono wa daktari na hesabu ya pili vina kazi kubwa zaidi.

Mmoja wenu ametuuliza kabla ya mkutano kama ni kweli kwamba siku hizi kidole tumbo chaponywa kwa dawa bila kisu. Ni kweli kwa baadhi. Huko Finland walijaribu kwa watu 530, na habari ikatolewa mwaka 2015. Waliotibiwa kwa dawa za kuua vijidudu, zaidi ya robo walipasuliwa kabla ya mwaka kwisha. Wengine walikaa bila kisu. Lakini wale wote walipigwa kwanza picha ya CT kuhakikisha kwamba kidole hakijapasuka, nao walilazwa wakitazamwa. Jambo hilo haliwi sawa na sindano ya sokoni na kurudi nyumbani kulala. Dawa kidogo isiyotosha yaweza kutuliza maumivu na kuacha usaha ukijikusanya. Na habari ya kuogopa kisu, sisi watu wa Gusii tusiizidishe. Hapa ndipo walipokuwa wale mafundi waliopasua mfupa wa kichwa cha mtu aliyepigwa, mgonjwa akiwa macho, akapona akarudi shambani.

Basi penye kisu ni wapi? Zahanati na vituo vya afya havipasui. Hivyo ni vya kukutazama na kukuandikia barua, navyo vikikuandikia upesi vimefanya kazi yao. Kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, kuna hospitali ya rufaa ya kaunti huko Nyamira, na wa upande wa Mugirango Kusini wanaijua hospitali ya misheni ya Tabaka. Kila mtu ajue iliyo karibu na mlango wake kabla tumbo halijamwuma.

Habari ya fedha. Tangu mwezi wa Oktoba 2024 bima ya NHIF imekwisha, nasi twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wetu kwenda Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Wengi wetu twakatwa, lakini wake na watoto nyumbani hawajaandikwa chini ya majina yetu. Mtu anagundua hivyo saa nane ya usiku dirishani pa hospitali. Mwandike mke na watoto wiki hii.

Habari ya kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo ana haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara mzima na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Hizo ni siku 14. Mtu aliyepasuliwa mapema, kabla kidole hakijapasuka, aweza kusimama katika wiki chache, ingawa kuinua taruma ni jambo la kungojea mpaka daktari aseme. Mwenzetu yule alikaa wiki tisa. Siku 14 ndizo za chini kabisa katika sheria, na mapatano ya chama na mwajiri yanaweza kupita hapo, kwa hiyo kila mtu ausome mkataba wake, na asiyeweza kuusoma aulete kwa katibu asomewe. Cheti kiletwe mapema. Mpige simu kwa msimamizi siku ile ile mgonjwa anapolazwa, na mwandike jina la aliyepokea simu, pamoja na saa.

Bado jambo la usafiri. Mwenzetu alipona kwa sababu jirani alikubali kushusha ndizi zake. Kamati imetengeneza karatasi ya majina ya wenye magari wanaokubali kuitwa usiku, kila sehemu angalau mtu mmoja, na nambari yake ya simu. Mpaka asubuhi hii tuna majina ya Keroka, Kebirigo na Suneka. Ekerenyo na Nyamache hakuna hata moja. Karatasi iko mezani kwa katibu, na itakaa hapo mpaka saa kumi.